Mume Aliyemwonea Wivu Daktari wa Macho

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama redio iko dukani, mwombeni mwenye duka aongeze sauti kidogo. Kama iko nyumbani, anayekuna nazi apumzike kwanza, atamalizia baadaye. Jioni hii tunamkumbuka mtu wa Moshi. Jina lake Fikirini. Fikirini, fundi bati wa Majengo. Alifariki mwezi uliopita, mwaka huu wa 1959, kwa homa ya mapafu, akazikwa huko huko Majengo alikozaliwa.

Hakuwa liwali, hakuwa tajiri. Alitengeneza koroboi, ndoo, na makopo ya kumwagilia mboga. Ukipanda mlimani leo ukaingia nyumba ya mkulima wa kahawa, ile koroboi inayowaka mezani huenda imetoka mikononi mwake. Lakini mimi simkumbuki kwa koroboi. Namkumbuka kwa wivu. Fikirini alikuwa na wivu, wasikilizaji, wivu uliojulikana kuanzia Majengo mpaka Kiboriloni, na wivu huo ulimfikisha mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Ulimfikisha kwenye kiti cha daktari wa macho.

Haya yote nimesimuliwa na mjane wake, Bi Adija. Yuko eda, hatoki, wala haonani na wanaume wa nje. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo nilikaribishwa mpaka chumbani, tukakaa mkekani. Nikamuuliza kama ninaweza kuyasema redioni. Akanijibu, "Yaseme, mdogo wangu. Yaseme yote. Mwenyewe alipenda kutajwa."

Baba yake Fikirini alitoka Tabora, akaja Moshi na kazi za reli. Mama yake alikuwa mtu wa Pangani. Kijana alijifunza ubati kwa fundi mmoja mjini, na mwaka 1932 akamwoa Adija, binti wa Kipare aliyejua kudarizi kofia. Kofia za mkono zile, zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Nilionyeshwa moja. Ukiitazama unaona aibu kwamba vidole vyako vinajua kufungua makopo tu.

Wivu ulianza na ndoa. Juma la kwanza, Fikirini alimuuliza mkewe nani alimfundisha kucheka vile. Akimnunulia kanga, kwanza aliitoa uani, akainyoosha juani, akatazama kama inapitisha mwanga, ndipo ampe. Siku moja alikuja mtu wa kupaka nyumba chokaa. Fikirini alifunga kazi yake, akashinda na mtu yule kutwa nzima, akimshikia ndoo.

Bi Adija alicheka aliponisimulia hilo la ndoo. Akasema, "Nisikufiche. Mwanzoni nilipenda. Mwanamke gani hapendi kuonewa wivu kidogo?"

Mume wangu mimi, nikichelewa kurudi kutoka studio, huniuliza kama nimekumbuka kununua mafuta ya taa. Basi.

Adija aliuza kofia zake sokoni Kiboriloni, na kofia haiuzwi kwa kubahatisha. Mteja anainama, unamzungushia uzi kichwani, unafunga fundo, unajua kipimo. Vichwa vyenyewe ni vya wanaume. Sasa fikirini hali ya mtu yule. Alihamishia meza yake ya koroboi sokoni, akaiweka ubavuni kwa mkeka wa mkewe, akawa anauza na kulinda kwa wakati mmoja. Kila kichwa kilichopimwa alikijua ni cha nani na kinakaa wapi.

Hata hivyo waliishi. Walizaa, wakajenga, na binti yao Sophia wakamsomesha Kurani, kusoma na kuandika. Wivu ulikuwa wa kuvumilika.

Kisha, kwenye miaka ya hamsini, ukabadilika. Sikilizeni vizuri hapa, wasikilizaji wapendwa, maana ndipo shida ilipoanzia. Fikirini alianza kuona wanaume wanazuka. Anazungumza na mkewe, anageuza shingo, anamkuta mwanamume amesimama. Anashtuka. "Huyu katoka wapi?" Na mtu mwenyewe amesimama pale muda mrefu, amesalimia, anangoja zamu yake.

"Mimi nilidhani ananitania," Bi Adija alisema. "Mtu amemwamkia kwa sauti, amesimama hapo ubavuni. Baba Sophia hajibu. Halafu anageuka, anaruka, anasema, mmeanza kunyatia? Nikamwambia, anyatie nani, soko zima hili? Akasema mimi nimewafundisha."

Yalikuwapo na mengine, lakini hakuna aliyeyaunganisha. Alikanyaga mafungu ya nyanya ya watu. Aligonga bega kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe, nyumba aliyoijenga yeye. Watu walisema wivu umempanda kichwani. Na nani angefikiria macho? Kazi yake ilikuwa ya kutoboa bati matundu madogo, na aliyatoboa bila kukosea. Sindano ikimshinda mkewe, yeye ndiye aliyempitishia uzi. Cha mbele yake alikiona vizuri kuliko vijana. Akajisifu kwa hilo, akazidi kuwashuku wanaume.

Mwaka 1953 akaja Theodory. Theodory alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Mwika, kijana mwenye kihamba kizuri, shamba la urithi, na mke na watoto, Mkatoliki, mtu mpole. Wakulima walikuwa na mkutano wao, naye alitaka kofia mpya ya kwendea. Alifika upande wa kushoto wa Fikirini. Akasema, "Shikamoo, fundi." Hakujibiwa. Akadhani fundi yuko kwenye mawazo ya kazi. Akachutama mbele ya Adija, Adija akachukua uzi, akainama kumpima.

Wakati wote huo Fikirini alikuwa anamweleza mkewe habari ya mkaa uliopanda bei. Anamtazama usoni, anaeleza. Akaona ameinama. Akageuza kichwa kutazama ameinamia nini. Akakuta kichwa cha mwanamume mikononi mwa mkewe.

Kofia zilitupwa. Koroboi zilianguka. Akasimama katikati ya soko, akasema, na waliokuwapo wanayakumbuka maneno yake mpaka leo: "Adija, sikia, na hawa wote wasikie. Kuanzia leo, mwanamume yeyote atakayekukaribia uso namna hii, iwe kwa kofia, iwe kwa jambo lolote, siku hiyo hiyo umeachika."

Wasikilizaji wangu Waislamu mmekwisha kukunja uso. Kwa wengine nieleze. Hilo halikuwa tishio la hasira tu. Ilikuwa talaka iliyotundikwa kwenye sharti. Sharti likitimia, talaka inaanguka, utake usitake. Theodory akarudi Mwika bila kofia, hajui kosa lake. Na Adija akarudi nyumbani na ndoa iliyokaa ukingoni.

Aliacha kupima vichwa. Akadarizi kofia za vipimo vya kawaida, anayeenea anaenea. Lakini akawa na shida nyingine. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanashindwa kuona vya karibu. Sindano alianza kuishika mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Kichwa kikamuuma. Akijichoma, damu inadondoka kwenye kofia nyeupe, kazi ya majuma inaharibika.

Nesi Bernadetha, mwenyeji wa Mwika anayefanya kazi hospitali hapo mjini, alimkuta hivyo sokoni. Akamwambia, "Mama Sophia, huo mkono utakwisha wote. Njoo upimwe macho. Siyo lazima uwe mgonjwa, hata mzima anapimwa."

Adija akamuuliza wanafanyaje. Nesi akamweleza. Unasoma kibao cha mbali. Unajaribishiwa miwani. Halafu pazia linafungwa, daktari anakuja na tochi ndogo anaangalia ndani ya jicho.

"Anakuja karibu?"

"Karibu sana. Mpaka unajua asubuhi alikunywa mtori au chai."

"Basi siendi," Adija akasema.

Mtaani kulikuwa na uvumi, na nasikia mpaka leo upo, kwamba huko wanalitoa jicho, wanaliosha kwenye beseni, wanalirudisha. Jirani mmoja alimpelekea Fikirini uvumi huo apate kumzuia mkewe. Fikirini akafikiri, akauliza swali moja tu. "Anayelitoa ni mwanamume au mwanamke?"

Lakini msimwone mtu mbaya. Ile damu kwenye kofia ilimuuma. Alikuwa akiiona asubuhi anapompitishia uzi, nyuzi kumi anamtungia kabla ya kwenda kazini, ili azikute. Siku moja akamkuta mkewe anamalizia kofia kwa kupapasa, macho ameyafumba kwa maumivu ya kichwa. Akatoka. Akaenda kwa Mwalimu Salehe, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti.

"Mwalimu, nataka kuyafuta maneno yangu ya sokoni."

"Hayafutiki. Uliyatundika mwenyewe. Daktari akimkaribia, imeanguka moja, na sharti limekwisha nayo."

"Nifanyeje?"

"Ikianguka, unaweza kumrejea, hata pale pale, madamu eda haijaisha. Lakini itakuwa imekwenda. Kati ya tatu utabakiwa na mbili, na mtu mwenye ulimi wako, mbili ni chache."

Haya ndiyo aliyoyasema Mwalimu Salehe. Wenye elimu zaidi wataulizana wenyewe. Fikirini alirudi nyumbani na mpango wake. Angempeleka mkewe. Angeingia naye. Angetazama kila kitu, na kwenye hilo la kukaribiana angemzuia daktari. Miwani ipatikane, talaka isianguke.

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaoogopa kupimwa macho, hapa ndipo pa kusikiliza. Daktari alikuwa Dokta Aristides, Mgiriki aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko shambani, hakina adabu nyingi lakini kinaeleweka. Kwanza waliulizwa maswali. Kichwa kinauma saa gani? Una kisukari? Kwenu kuna aliyepofuka? Adija akasema kwao hakuna. Fikirini hakuulizwa, maana hakuwa mgonjwa. Lakini alinong'ona, "Baba yangu alimaliza kwa kushikwa mkono." Nesi Bernadetha alisikia, akamtazama.

Kisha kibao cha mbali. Usidhani ni lazima ujue kusoma. Kilikuwa na alama moja tu yenye meno matatu mfano wa uma, kubwa juu, ndogo chini, mara imeelekea kulia, mara kushoto. Wewe unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Jicho moja, halafu la pili. Adija alifika mpaka chini. Nesi akampa sindano na uzi, zikamshinda. Akavikwa fremu nzito ya chuma, daktari akawa anatumbukiza vioo, anatoa, anatumbukiza vingine. Hiki? Au hiki? Hakuna jibu la makosa, unasema unachokiona. Kwenye kioo kimoja Adija akachukua sindano, uzi ukapita mara moja, akacheka.

Fikirini alikuwa amesimama ukutani. Bi Adija anasema aligeuka akamwona uso umemvimba. Miaka mingapi hakukisikia kicheko kile nyumbani kwake? Na aliyekitoa ni mwanamume mwingine, kwa kipande cha kioo. Aliniambia mjane huyu kwamba mumewe mwenyewe alikiri baadaye: siku ile alitamani avivunje vile vioo vyote, halafu ajifunze kuvitengeneza.

Daktari akachukua tochi yake. Nesi akafunga pazia nusu. Daktari akavuta kigoda mbele ya Adija, akainama.

"Hapana," Fikirini akasema, akaingia katikati. "Mimi kwanza."

"Wewe mgonjwa?"

"Mimi mumewe."

Nesi Bernadetha aliniambia daktari alikwisha kuwaona wa namna hiyo. Akasema vizuri, kaa wewe, utaona mwenyewe hakuna kitu, halafu yeye. Na Nesi akamwambia kwa Kizungu lile neno la baba aliyeshikwa mkono.

Fikirini akakaa. Kibao cha mbali alikimaliza kwa maringo, hata mstari wa chini kabisa, kila jibu anamtazama mkewe. Daktari akasogeza kigoda, wakawa magoti kwa magoti. Akamfunika jicho moja. Akamwambia, "Tazama pua yangu. Macho yasitoke hapo. Nitacheza na kidole huku pembeni. Ukikiona, sema."

Fikirini akaikazia pua ya Mgiriki. Akakaa kimya. Akaendelea kukaa kimya. Mwisho akasema, "Daktari, anza basi."

Adija alikuwa nyuma yake. Alikiona kidole. Kilikuwa kimekwisha kuanza, kinacheza pale ubavuni kwa uso wa mumewe, kinacheza tu. Daktari akauleta mkono pole pole, ukaja, ukaja, ukakaribia kufika mbele ya pua ndipo Fikirini aliposema, "Hicho." Akajaribu upande wa pili. Ikawa vile vile. Jicho la pili likawa afadhali kidogo. Bi Adija akajifunika kanga mdomoni. Hakujua ugonjwa, lakini alikumbuka nyanya, alikumbuka mwimo wa mlango, alimkumbuka na yule kijana wa kofia.

Kisha pazia likafungwa lote. Tochi ikaja, na pumzi ya daktari, shavu kwa shavu karibu kugusana. Haiumi, wasikilizaji. Unatazama mbali, unapumua, unaona mwanga mkali na baadaye rangi rangi. Halafu alilazwa kitandani, akatiwa matone ya ganzi, kikawekwa juu ya jicho kidude kidogo cha chuma chenye mshale wa kupimia. Hicho nacho hakiumi. Fikirini alikuwa ametulia sasa, maana aliona wote wamenyamaza.

Daktari akamkalisha. Akamweleza kwa Kiswahili chake. Ndani ya jicho kuna maji, na ndani ya jicho lako maji yamekaza mno. Ni presha ya macho. Inaua uoni kutoka pembeni kuja katikati. Haiumi, haiwashi, mwenyewe hujui. Mbele unaona sana, ubavuni huoni mtu. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki tutakishika kwa dawa ya matone, kila siku, mpaka kufa. Ungekuja mwaka kesho kutwa, ungekuja umeshikwa mkono.

Halafu Fikirini akauliza, hakumuuliza daktari, alimuuliza mkewe.

"Yule wa Mwika. Alikuwa amesimama pale?"

"Alikuwa amesimama, Baba Sophia. Alikuamkia."

"Na wale wengine?"

"Wote."

Aliinamisha kichwa. Bi Adija anasema alimhurumia, lakini pia alikasirika, akaona miaka yake mitatu ya kusingiziwa imelala pale sakafuni. Akachukua kanga yake, akasema miwani nimepata, twende nyumbani. Hakutaka ile tochi. Hakutaka ndoa yake ifie hospitali.

"Kaa," Fikirini akasema.

"Unajua ulichosema sokoni."

"Najua. Kaa akuangalie. Kama mimi sikujua, na wewe hujui."

Akamkalisha yeye mwenyewe kwa mkono wake. Pazia likafungwa. Daktari akainama kwenye uso wa Adija, na Fikirini akasimama gizani, haoni kitu, anasikia tu pumzi za watu wawili. Sijui kama kuna mwanamume mwenye wivu aliyewahi kusimama mahali pagumu kuliko hapo. Daktari akasema, "Safi. Mama yuko safi."

Pazia lilipofunguliwa, Fikirini alikuwa analia. Akasema, "Talaka imeanguka. Adija, nimekurejea. Nesi, umesikia, nimemrejea."

Nesi Bernadetha aliniambia, "Dada, mimi ni Mkatoliki. Kwetu unaolewa mara moja mpaka kaburini. Wale wawili waliachana na kurudiana kabla sijamaliza kufunga kamba ya pazia. Dokta Aristides akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanashukuru."

Na Adija je? Msidhani alinyamaza. Alisema, "Umenirejea, sawa. Nami nina langu. Narudi kupima vichwa sokoni. Wewe meza yako utaihamisha, utakaa mbele yangu, siyo ubavuni. Nikikwambia fulani amesimama hapa, utaniamini." Fikirini akasema ataamini. Akaongeza, kwa sauti ndogo, lakini uwe unaniambia mapema.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo watu wa mjini walilisema sana. Alipanda Mwika kwa Theodory. Wachagga wana desturi ya jani la isale. Mtu aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba msamaha, humfukuzi, hata kama hasira bado imo. Fikirini, mtoto wa Tabora na Pangani, alimuuliza Nesi Bernadetha jani hilo linachumwa wapi, akalichuma, akalishika kwa mikono miwili mpaka uani kwa Theodory, na kofia mpya amekuja nayo. Theodory mwenyewe aliniambia, "Nilipoona mzee wa Kiislamu na isale, nilishindwa nicheke au nilie. Nikamwamkia tena. Safari hii aliitika." Kofia nayo ilimwenea. Kipimo Adija alikihifadhi.

Wasikilizaji wapendwa, kutoka siku ile Fikirini alitiwa dawa ya matone kila siku. Aliyemtia ni Adija. Na kila mwaka walikwenda kupimwa wote wawili, yeye mwenye ugonjwa na mke asiye na ugonjwa. Nirudie hilo. Walikwenda wote wawili, kila mwaka, hata asiyeumwa. Mara nyingine daktari huwatia watu matone ya kupanua mboni, na ukitiwa hayo mwanga utakuudhi mpaka jioni, kwa hiyo usiende peke yako, nenda na mtu wa kukushika mkono. Wao walishikana mikono kutoka hospitali mpaka Majengo, watu wazima wale, na watoto waliwafuata kwa kicheko.

Mkitaka niseme kwamba wivu ulipona, nitakuwa nawadanganya. Wanaume waliacha kuzuka, hilo lilikwisha. Lakini aliionea wivu ile chupa ya dawa, eti mkewe anaishika kwa upole mno. Binti yake Sophia anakumbuka, "Baba alikuwa akitiwa matone, hafumbi macho haraka anavyoambiwa. Mama anamgombeza dawa inamwagika. Yeye anasema, ngoja kwanza, niko naangalia." Duara la kuona lilikuwa limebaki dogo. Fikirini alisema Mungu amemwachia nafasi ya uso mmoja, na hataki wa mtu mwingine uingie humo.

Homa ilipomshika mwezi uliopita alikuwa bado anaona. Daktari alikuwa amelinda kile kilichobaki, miaka yote hiyo. Asubuhi ya mwisho aliomba dawa yake mapema. Bi Adija akainama, akamtia jicho la kulia, akamtia la kushoto. Hakufumba. Bi Adija alidhani anaangalia kama kawaida yake, akamgombeza, kisha akajua.

Nilitoka kwenye nyumba ile jioni, nikatembea mpaka kituo cha gari nikiwa na wivu moyoni, nasema wazi. Wivu juu ya mwanamke aliyefiwa. Sijawahi kutazamwa namna hiyo na sijui kama nitatazamwa.

Kwa Bi Adija, kwa Sophia, kwa majirani wa Majengo na wauzaji wa Kiboriloni, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amlaze marehemu Fikirini mahali pema. Na ninyi mnaonisikiliza, mjiulize kila mmoja kwa nafsi yake. Ni nani amesimama ubavuni kwako nawe humwoni? Usiseme ni tabia yake kunyatia. Nenda kapimwe. Nenda ukiwa mzima. Nenda na mwenzako, mkae kwenye kile kiti mmoja baada ya mwingine.

Juma lililopita Nesi Bernadetha alimfuata Bi Adija nyumbani, kwa sababu ya eda, akambandikia kibao ukutani, akampima. Nilikuwapo. Bi Adija alionyesha meno yalikoelekea mpaka mstari wa chini, akatunga uzi kwenye sindano. Nesi akamwambia, "Mama Sophia, macho yako ni mazima kabisa."

Bi Adija akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akasema, "Mazima, mwanangu. Ila sasa hakuna wa kuyaonea wivu."